Picha ya zamani imeharibika: namna ya kuchagua zana za kuikarabati kwenye kompyuta

Swali linaloulizwa kila mara ni, "Nitumie programu gani?" Mimi hulirudisha swali: picha yako inaumwa nini? Iliyopauka haitibiwi kama iliyochanika, na yenye doa la maji haitibiwi kama iliyokaa imekunjwa ndani ya pochi kwa miaka. Wengi hupakua programu yenye jina kubwa, wakahangaika nayo wiki nzima, wakachoka, kisha wakabonyeza kitufe kimoja cha akili mnemba kikawapa sura safi ya mtu wasiyemjua. Kwa hiyo hapa tutaanza na picha yenyewe, tupitie kwenye skana, ndipo tufike kwenye programu.

Hatua ya 1: Isome picha kabla ya kuigusa

Ishike kwa kingo, isogeze karibu na dirisha na uiinamishe polepole ili mwanga uipite juu kwa mshazari. Utaona mambo ambayo hukuyaona ukiitazama kwa mbele: mahali ambapo utando wa picha, yaani tabaka jembamba lenye picha juu ya karatasi, umeinuka, alama za vidole, mkunjo ambao bado haujapasuka. Andika kila kasoro kwenye karatasi. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia zana.

Vumbi na mikwaruzo midogo ni kazi ya subira tu, haihitaji programu ya ajabu. Mpasuko uliobandua utando hadi weupe wa karatasi ukaonekana ni jambo jingine, kwa sababu hapo habari imeshapotea na utalazimika kuijenga upya. Madoa yapo katikati: mara nyingi picha bado ipo chini ya doa, unachohitaji ni njia ya kuona ng'ambo yake. Kupauka pia ni hivyo, picha ipo, imefifia tu. Kazi nzito kuliko zote ni sehemu iliyokosekana kabisa, kama kona iliyoliwa na wadudu au nusu ya uso iliyobanduka.

Kwenye picha za nyeusi na nyeupe, huenda ukaona sehemu za giza zinang'aa kama kioo chenye ubuluu. Hiyo ni fedha iliyokuwa ndani ya utando, sasa imepanda juu. Usiifute. Na kwa jumla usifute picha kwa kitambaa chenye maji, usiunge mpasuko kwa selotepu, na kama picha imegandana na kioo cha fremu usiivute. Iskani pamoja na kioo chake. Nimeona picha iliyovutwa kwa haraka ikaacha uso wote kwenye kioo, na hapo hakuna programu ya kuirudisha.

Hatua ya 2: Skana ndiyo zana ya kwanza

Programu bora haiwezi kutoa kitu ambacho skana haikukichukua. Chukua mfano wa jicho la mtu katika picha ya kundi, tuseme lina upana wa milimita 2. Ukiskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, jicho hilo linapata pikseli 24 hivi. Kwa dpi 1200 linapata pikseli 94. Kwenye pikseli 24 kope ni mstari mmoja wa ukungu, ukiugusa kwa brashi umeufuta. Kwenye 94 una mahali pa kufanyia kazi.

Kanuni ninayoifuata: picha ya kawaida ya karatasi, dpi 600. Picha ndogo za ukubwa wa pasipoti, au picha ya kundi yenye nyuso ndogo, dpi 1200. Pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 iliyoskaniwa kwa dpi 1200 inaweza kuchapishwa vizuri kwa sentimita 14 kwa 18. Kupanda zaidi ya hapo kwa picha ya karatasi hukuongezea nyuzi za karatasi tu. Negativu ni habari nyingine, hizo zinastahili dpi 2400 na kuendelea.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5. Chagua biti 16 kwa kila chaneli, yaani kila moja ya rangi tatu zinazounda picha (nyekundu, kijani na buluu), kama skana yako inaruhusu, na hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu, badala ya JPEG. Kwa biti 8 kila chaneli ina ngazi 256 za mwanga. Picha iliyopauka huenda ikatumia ngazi 90 tu kati ya hizo, na ukizinyoosha zijaze nafasi yote, anga na mashavu hutoka na mistari mistari kama ngazi za nyumba. Faili la biti 16 lina zaidi ya ngazi 65,000, kwa hiyo kunyoosha hakuachi mapengo. Gharama yake ni ukubwa: picha ya sentimita 9 kwa 13, kwa dpi 600 na biti 16, hufika MB 39 hivi. Ni nafasi ndogo kwa picha ambayo haina nakala nyingine duniani.

Zima kila kitu ambacho skana inajitolea kukufanyia, kama kunoa (kukaza kingo zionekane kali), kuongeza rangi na kuondoa vumbi. Kwenye negativu za rangi, uondoaji wa vumbi kwa miale ya infraredi unasaidia kweli. Kwenye negativu za nyeusi na nyeupe zenye fedha huvuruga, kwa sababu fedha huzuia miale hiyo kama vumbi linavyoizuia.

Kama unanunua au kuazima skana, uliza inatumia sensa ya aina gani. Skana nyembamba nyingi zina sensa ya CIS, ambayo huona vizuri kitu kilicholala kabisa kwenye kioo tu. Picha iliyojikunja, au iliyo nyuma ya kioo cha fremu, hutoka na ukungu. Skana za CCD ni nene na nzito zaidi, lakini zinaona kina cha milimita kadhaa. Kwa picha zilizopindapinda tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya programu yoyote nitakayoitaja hapa chini.

Huna skana? Simu inafaa, ila uipe mazingira. Weka picha mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima fleshi, na hakikisha simu iko sambamba na picha. PhotoScan ya Google, iliyotoka mwaka 2016, hupiga picha kadhaa kutoka pembe tofauti na kuziunganisha ili kuondoa mng'ao. Hiyo inatosha kwa kuangalia na kutumiana. Kwa picha unayotaka kuikarabati kwa dhati, tafuta skana.

Picha zilizochapwa kwenye karatasi yenye vinundu kama hariri zina adha yake, kila kinundu hutoa nukta ya mwanga. Iskani mara mbili, mara ya pili ukiwa umeigeuza nyuzi 180, kisha zigeuze zielekee upande mmoja, zilaze moja juu ya nyingine na uipe ya juu uwazi wa asilimia 50. Kwa kuwa mwanga wa skana umetoka pande mbili zinazopingana, vivuli vya vinundu hupunguzana nguvu.

Na usisahau kuskani mgongo wa picha. Mwandiko ulioko nyuma nao ni sehemu ya picha.

Hatua ya 3: Pima programu kwa vitu vitano

Majina yawekwe pembeni kwanza. Programu ya kukarabati picha lazima iwe na leya, ili kila sahihisho likae kwenye tabaka lake na liweze kuondolewa. Iwe na maski, ili sahihisho lifike mahali fulani tu. Iwe na muhuri wa kunakili, ambao kwenye menyu huitwa Clone Stamp au Clone, pamoja na brashi ya kuponya, Healing Brush au Heal. Iwe na Levels au Curves, zana za kurekebisha giza na mwanga, zinazoweza kugusa chaneli moja moja ya rangi. Na ifungue faili la biti 16 bila kulishusha. Ikikosa leya, iache. Ikikosa biti 16, itumie kwa picha ambazo hazijapauka sana.

Sasa majina. GIMP ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inafanya kazi kwa biti 16 na hata 32. Toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeleta vichujio unavyoweza kuvirekebisha baadaye bila kuharibu leya. Ukiiongezea Resynthesizer, unapata uwezo wa kujaza eneo lililokosekana kwa kufuata mazingira yake. Kwa anayeanza, na hata kwa anayefanya kazi hii kila siku, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Menyu zake zitakuchosha siku mbili tatu za mwanzo, kisha zitazoeleka.

Photoshop ilitoka mwaka 1990 na brashi yake ya kuponya bado ni laini kuliko nyingine nilizotumia. Ujazaji wake unaofuata mazingira, uliokuja mwaka 2010 kwenye CS5, huokoa saa nyingi kwenye kona zilizokatika. Lakini hulipiwa kwa mwezi au mwaka. Kama una bahasha moja ya picha kumi, hakuna sababu ya kujifunga. Kama una sanduku zima, lipia miezi michache, maliza kazi, kisha sitisha.

Affinity Photo ina brashi ya kujaza ambayo kwa mipasuko mirefu haiachwi nyuma na Photoshop. Krita iliundwa kwa wachoraji, lakini kwa mtu anayepaswa kuchora upya sehemu ya nguo au mandhari iliyopotea, brashi zake ni raha. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua faili za PSD, yaani za Photoshop, na picha yako inabaki kwenye kompyuta yako bila kupandishwa kwenye seva. Ni msaada mkubwa ukiwa kwenye kompyuta usiyoruhusiwa kusakinisha kitu. Kwenye simu, Snapseed ina brashi ya kuponya inayotosha kwa vumbi na mikwaruzo, basi. Usiipe mpasuko unaopita usoni, kidole ni kinene kuliko kope.

Hatua ya 4: Jaribu nusu saa kabla ya kuamua

Kata kipande cha picha yako chenye kasoro mbaya kuliko zote, tuseme eneo la sentimita 2 kwa 2, na ukifungue kwenye programu mbili unazozifikiria. Jipe nusu saa kwa kila moja, kipande kilekile, kasoro zilezile. Ukimaliza, vuta karibu hadi asilimia 200 na ujiulize mambo mawili. Je, ninaona mahali nilipogusa? Na je, ninaweza kuondoa sahihisho moja bila kuharibu mengine? Programu iliyokupa majibu mazuri ndiyo yako, hata kama hakuna anayeisifu.

Hatua ya 5: Kila jeraha na dawa yake

Anza na madoa, kwa sababu hapa ndipo skani ya rangi inapolipa. Chukua picha ya nyeusi na nyeupe yenye doa la kahawia au njano kifuani. Fungua chaneli zake tatu moja moja. Kwenye GIMP utatumia Decompose, kwenye Photoshop fungua kidirisha cha Channels. Tazama chaneli ya buluu: doa limekuwa jeusi, limemeza vifungo vya shati. Tazama ya kijani: limepungua. Tazama ya nyekundu: doa karibu limetoweka, vifungo vipo, hata mkunjo wa kitambaa upo. Rangi ya njano hunyonya mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu upite. Basi tumia chaneli nyekundu kama picha yako mpya ya nyeusi na nyeupe, na kazi ya siku mbili imekwisha kwa dakika mbili. Kwa wino mwekundu pia angalia chaneli nyekundu, kwa wino wa buluu angalia ya buluu.

Kupauka hufuata. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati iliyokuwa ndani ya karatasi imefifia kuliko zenzake. Usijaribu kuongeza buluu juu ya picha nzima. Fungua Levels, chagua chaneli nyekundu peke yake, na usogeze kitelezi cha giza kuelekea kulia mpaka kiguse mwanzo wa mlima wa grafu. Fanya hivyo pia kwa kijani na buluu, kila moja mahali pake. Ngozi itarudi kuwa ngozi mbele ya macho yako. Mimi huwa nasimama kidogo hapo, kwa sababu ndipo watu walio kwenye picha wanapoanza kuonekana kama waliokuwapo kweli.

Kisha mipasuko. Tofauti ya muhuri na brashi ya kuponya ni hii: muhuri hunakili pikseli jinsi zilivyo, brashi ya kuponya huchukua umbile la mahali ulipochagua na kulichanganya na mwanga wa mahali unapopaka. Kwa hiyo mpasuko unaopita katikati ya shavu upe brashi ya kuponya. Mpasuko huohuo unapofika kwenye ukosi, ambapo nyeupe ya shati inakutana na giza la koti, badili utumie muhuri. Brashi ya kuponya ikikaribia mpaka wa giza na mwanga huvuta weusi ndani ya weupe na kuacha baka la moshi. Karibu kila mtu anayelalamika kwamba programu yake mbaya amekosea hapo tu.

Brashi iwe pana kidogo kuliko mpasuko, si zaidi. Chukua umbile kutoka upande wenye mwanga uleule, na ubadilishe chanzo kila baada ya miguso michache, la sivyo utaona alama moja inajirudia kama chapa ya kanga. Usifanye haya juu ya skani yenyewe. Kwenye Photoshop fungua leya tupu juu yake. Kwenye GIMP mimi hunakili leya nzima na kufanyia kazi nakala.

Kama picha imekatika vipande, usivigundishe. Viskani vyote kwa pamoja bila kulaliana, vyote vikielekea upande uleule, kisha kila kimoja kipe leya yake na uvisogeze vikutane. Kuvielekeza sawa kuna maana yake: ukigeuza kipande kimoja, kivuli cha ukingo wake kitaanguka upande wa pili na maungio yataonekana.

Vumbi liache karibu na mwisho. Usipitishe kichujio cha kuondoa vumbi juu ya picha nzima, hakijui tofauti ya chembe ya vumbi na nuru iliyo ndani ya jicho. Kunoa kuwe kwa mwisho kabisa, na kidogo.

Hatua ya 6: Akili mnemba na uso wa mtu

Hapa nitakaa kidogo. Miaka michache iliyopita nilikuwa na picha ya bibi yangu mzaa mama, ndogo, imefifia, mpasuko umepita mdomoni. Nilikuwa na haraka. Nikaipitisha kwenye programu moja ya simu ya kubonyeza mara moja. Ikatoka safi kabisa, ngozi laini, macho yanang'aa. Nikamwonyesha mama. Akaitazama muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, huyu si mama yangu." Bibi alikuwa na mwanya. Programu ilikuwa imeuziba.

Nilipotafuta sababu nikaelewa kwamba haikuwa bahati mbaya. GFPGAN, programu ya akili mnemba ya kukarabati nyuso iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Tencent na inayotumika ndani ya huduma nyingi, ilifunzwa kwa mkusanyo wa picha 70,000 za nyuso zilizochukuliwa kutoka Flickr. Inapokuta uso wenye ukungu, haichimbui kilichofichika chini ya ukungu, hujenga uso unaoelekea kuwa sahihi kwa kufuata nyuso ilizozisoma. Mwanya, kovu, jicho moja dogo kuliko jingine, yote huyaona kama makosa ya kurekebisha. Na hayo ndiyo tunayowatambulia watu wetu.

Sisemi uiache kabisa. Kwenye ukuta, majani, nguo na anga, itumie kwa uhuru. Kwenye uso, weka matokeo yake kwenye leya ya juu, punguza nguvu ya leya hiyo (Opacity) hadi asilimia 20 au 30, na ufiche kwa maski macho na mdomo ili ya asili yabaki. Kama chombo chako kinatumia CodeFormer, programu nyingine ya aina hiyo, kina kitelezi kati ya uzuri na uaminifu, kisogeze upande wa uaminifu hata kama uso utabaki na ukungu kidogo. Kisha muite mtu aliyemjua mwenye picha atazame kabla hujachapisha. Nusu ya uso ikiwa imepotea kabisa, tafuta picha nyingine ya mtu huyohuyo. Ikikosekana, mimi huiacha hivyo, nikatuliza rangi ya sehemu iliyobanduka isivute macho.

Kupaka rangi picha ya nyeusi na nyeupe nako ni kukisia. Filamu nyingi za zamani hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo kitambaa chekundu kilitoka karibu cheusi. Hakuna programu inayoweza kujua. Muulize aliyeiona nguo hiyo, na nakala ya rangi iwe faili lake peke yake, kamwe isichukue nafasi ya ile ya asili.

Na kabla ya kupandisha picha ya familia kwenye huduma yoyote ya mtandaoni, soma inasema itaifanyia nini na itakaa nayo muda gani.

Hatua ya 7: Hifadhi mafaili matatu

La kwanza ni skani ya TIFF ambayo haijaguswa, na haitaguswa. La pili ni faili la kazi lenye leya zote, XCF kwa GIMP au PSD kwa Photoshop. La tatu ni JPEG ya kuchapisha na kutumiana. Yote yakae kwenye diski mbili tofauti, na nakala moja iwe nje ya nyumba unayoishi.

Ndani ya faili la kazi, ongeza leya moja ya maandishi, au jaza sehemu ya maelezo ya faili, ueleze ulichobadilisha. Anayekuja baada yako hatajua ni kipi kilikuwapo na kipi umekijenga. Kwenye faili la bibi, ambalo nililianza upya kwa brashi na kulimaliza kwa majuma mawili, nimeandika: kona ya chini kushoto imejengwa, mpasuko wa mdomoni umeunganishwa, doa la begani limeondolewa kwa chaneli nyekundu, macho hayakuguswa, mwanya ni wake.